Jinsi ya kufungua shauri la kikatiba ukiwa Arusha au Moshi, na kulifikisha Mahakama ya Rufani

Lohay Akonaay na mwanawe Joseph walikuwa wakulima wa Wilaya ya Mbulu, wakati huo ikiwa sehemu ya Mkoa wa Arusha. Mwaka 1987 walikwenda mahakamani mjini Arusha kudai ardhi yao ya mila iliyogawiwa watu wengine wakati wa operesheni ya vijiji. Walishinda, wakarudishiwa ardhi. Rufaa ya walioshindwa ikiwa bado haijasikilizwa, Bunge likapitisha Sheria Na. 22 ya 1992, iliyofuta haki za mila katika vijiji vile na kuzizuia mahakama kusikiliza madai ya aina hiyo. Yaani ushindi wao ulikuwa unafutwa kwa kalamu. Wakarudi Mahakama Kuu Arusha, safari hii kuishitaki sheria yenyewe. Serikali ikakata rufaa, na mwishoni mwa 1994 Mahakama ya Rufani, chini ya Jaji Mkuu Francis Nyalali, ikasema kwamba haki ya mila ya kukaa na kutumia ardhi ni mali inayolindwa na Ibara ya 24 ya Katiba. Haiwezi kuchukuliwa bila fidia inayostahili.

Mwaka mmoja kabla yake, katika shauri la Kukutia Ole Pumbun lililotoka Arusha pia, Mahakama hiyohiyo ilikibatilisha kifungu cha sheria kilichomtaka mwananchi aombe kwanza ridhaa ya Serikali ndipo aishitaki Serikali. Ridhaa hiyo haipo tena. Leo kinachotakiwa kwa madai ya kawaida ni notisi ya siku 90.

Nawataja hawa kwa sababu huku kwetu bado kuna watu wanaoamini kwamba katiba ni mambo ya wanasiasa wa Dodoma na mawakili wa Dar es Salaam. Mashauri mawili kati ya yale yanayonukuliwa zaidi nchini yametoka kwa wafugaji na wakulima wa ukanda huu. Mwongozo huu ni kwa mtu wa Moshi, Rombo, Same, Karatu au Monduli aliyeumizwa na sheria na anataka kujua njia, hatua kwa hatua. Jambo moja naomba ulishike tangu sasa: shauri la kikatiba karibu kila mara huishia Mahakama ya Rufani, kwa hiyo karatasi ya kwanza unayoiandika Moshi au Arusha iandikwe kana kwamba majaji wa Rufani ndio watakaoisoma. Usichokiweka humo siku ya kwanza, huko juu hutapata nafasi ya kukiongeza.

Hatua ya kwanza: hakikisha ni swali la katiba

Tuchukue mfano wa kubuni. Mama anauza ndizi Soko la Mbuyuni, Moshi. Mgambo wa manispaa wanakuja, wanachukua mikungu yote, hawamwandikii risiti, hawamwambii kosa lake. Ana hasira, na ana haki ya kuwa nayo. Je, hilo ni suala la katiba?

Inategemea mgambo walisimama juu ya nini. Kama hakuna sheria yoyote iliyowaruhusu, basi wamevunja sheria za kawaida, na dawa yake ni madai ya fidia katika mahakama ya kawaida, baada ya notisi ya siku 90. Kama walitumia sheria ndogo ya halmashauri, na sheria hiyo ndogo imevuka mamlaka ambayo Bunge liliipa halmashauri, au ofisa ameamua bila kumsikiliza, njia iliyonyooka ni mapitio ya kimahakama: Mahakama Kuu inaombwa iutengue uamuzi huo. Maombi ya kibali cha kufungua mapitio hayo yana ukomo wa miezi 6 tangu uamuzi utolewe, na watu wengi huukosa muda huo wakiwa bado wanaandika barua kwa mkuu wa wilaya. Lakini kama Sheria yenyewe ya Bunge ndiyo inayosema ofisa anaweza kutaifisha mali ya mtu papo hapo, bila kusikilizwa, bila fidia na bila rufaa, hapo sasa tumefika kwenye katiba. Mgambo ametii sheria; mwenye tatizo ni sheria. Ibara ya 13(6)(a) inayotaka mtu asikilizwe kikamilifu, na Ibara ya 24 ya mali, ndizo zitakazobeba shauri.

Ujiulize hivi: nikiondoa jina la ofisa aliyenitendea, je, kosa bado linabaki kwenye maandishi ya sheria? Likibaki, endelea.

Pima pia ni sehemu gani ya Katiba unayoitegemea. Haki zinazodaiwa mahakamani ziko Ibara ya 12 hadi 29, yaani Sehemu ya Tatu ya Sura ya Kwanza. Ziliingizwa kwa mabadiliko ya 1984 na zikaanza kudaiwa mahakamani mwaka 1988. Sehemu ya Pili, yenye maneno mazuri kama Ibara ya 8 kuhusu wananchi kuwa msingi wa mamlaka, na Ibara ya 11 kuhusu kazi na elimu, imewekewa uzio na Ibara ya 7(2): mahakama hazina uwezo wa kuamua kama Serikali imeitekeleza au la. Nimeona hati nzuri zikidhoofika kwa sababu nguzo yake kuu ilikuwa Ibara ya 8. Unaweza kuitaja ili kuonyesha roho ya Katiba, lakini usijenge juu yake.

Na kuna kuchanganya kwingine. Katiba inataja Mahakama Maalum ya Katiba, Ibara ya 125 hadi 128. Hiyo si yako wala si yangu. Kazi yake ni moja tu: mgogoro wa tafsiri ya Katiba kati ya Serikali ya Muungano na Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar, wajumbe wakiteuliwa nusu kwa nusu. Mwananchi anaanzia Mahakama Kuu.

Hatua ya pili: nani asimame kama mwombaji

Ibara ya 30(3) inampa nafasi mtu ambaye haki yake imevunjwa, inavunjwa au inaelekea kuvunjwa. Ibara ya 26(2) inampa kila mtu haki ya kuchukua hatua za kisheria kuilinda Katiba. Mwaka 1994, katika shauri la Mchungaji Christopher Mtikila kuhusu mgombea binafsi, Jaji Lugakingira wa Mahakama Kuu Dodoma alizisoma ibara hizi kwa upana na kufungua mlango wa mashauri ya maslahi ya umma.

Mwaka 2020 Bunge liliubana mlango huo kwa kukibadilisha kifungu cha 4 cha Sheria ya Utekelezaji wa Haki na Wajibu wa Msingi, Sura ya 3. Mabadiliko yalitaka mwombaji aambatanishe hati ya kiapo inayoeleza ni kwa kiasi gani ukiukwaji umemgusa yeye binafsi. Anayetumia Ibara ya 26(2) naye akatakiwa atimize masharti ya Ibara ya 30(3). Malalamiko dhidi ya Rais, Makamu wa Rais, Waziri Mkuu, Spika, Naibu Spika au Jaji Mkuu yakatakiwa yaletwe dhidi ya Mwanasheria Mkuu wa Serikali peke yake. Na shauri likafungiwa mlango mpaka njia nyingine zote za kisheria ziwe zimekwisha. Mabadiliko hayo yenyewe yamepingwa mahakamani mpaka ngazi ya Rufani. Kabla hujaandika neno moja, pata Sheria katika toleo lililofanyiwa urekebu, yaani lililochapwa upya na mabadiliko yake ndani, na usome hukumu za karibuni za Mahakama ya Rufani juu ya kifungu cha 4. Wakili atakayekuandalia hati kwa nakala ya zamani aliyonayo kwenye kompyuta anakuweka hatarini.

Ushauri wangu, sheria ikae vyovyote itakavyokaa: mtafute mwombaji aliyeumia kweli. Katika mfano wetu ni yule mama wa ndizi, si shirika linalomtetea na si mwanaharakati aliyesoma habari zake. Majaji husikiliza kwa namna nyingine wanapomwona mtu mwenye jeraha. Shirika linaweza kumsaidia kwa fedha, wakili na utafiti. Akina Akonaay walikuwa na ardhi yao mkononi na hukumu yao kabatini; hakuna aliyeweza kuwauliza, "Ninyi inawahusu nini?"

Kaa na mwombaji wako chini umweleze ukweli: shauri linaweza kuchukua miaka, jina lake litakuwa kwenye hukumu ya wazi, watu wa ofisi aliyoilalamikia wataendelea kukutana naye sokoni. Akikubali baada ya kuyasikia hayo, amekubali. Akisitasita, mwache. Mwombaji anayejitoa katikati huliua shauri.

Hatua ya tatu: maliza njia nyingine, na uhifadhi ushahidi kwamba umezimaliza

Hata kabla ya 2020, kifungu cha 8(2) cha Sheria hiyohiyo ya Utekelezaji kilikuwa tayari kinaizuia Mahakama Kuu kutumia mamlaka yake ikiridhika kwamba kuna nafuu ya kutosha chini ya sheria nyingine, au kwamba maombi ni ya kupoteza muda na kusumbua. Hapa ndipo mashauri mengi hufa. Hayafi kwa sababu hoja ni dhaifu. Yanafia mlangoni, mtu akiwa hajafika kwenye hoja.

Tengeneza faili. Sheria unayoilalamikia ina rufaa kwa waziri? Kata rufaa hiyo, kwa maandishi, upate muhuri wa kupokelewa. Kuna bodi au baraza? Nenda. Kama njia ipo kwenye karatasi lakini haiwezi kufuta sheria yenyewe, liandike hilo waziwazi: waziri anaweza kumrudishia mama mikungu yake lakini hana uwezo wa kutamka kwamba kifungu cha Bunge ni batili, uwezo huo ni wa Mahakama Kuu. Tofauti hiyo, ikielezwa vizuri, imewavusha wengi.

Kwa mtu wa Arusha kuna jambo la ziada, kwa sababu Mahakama ya Haki ya Afrika Mashariki iko hapahapa mjini, kwenye makao makuu ya Jumuiya. Mkazi yeyote wa nchi mwanachama anaweza kuipelekea shauri kwamba sheria au kitendo cha nchi yake kimevunja Mkataba wa Jumuiya, na hatakiwi kwanza kumaliza mahakama za ndani. Mwaka 2019 iliamua dhidi ya vifungu kadhaa vya Sheria yetu ya Huduma za Habari. Lakini muda wake ni mfupi mno: miezi 2 tangu sheria ilipotungwa, uamuzi ulipotolewa au kitendo kilipofanyika, au tangu mlalamikaji alipokifahamu. Anayesubiri kwanza Mahakama ya Rufani imalize shauri juu ya sheria ileile atakuta miezi hiyo ilikwisha zamani. Kama unaona suala lako linagusa Mkataba, amua wiki za mwanzo.

Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu nayo iko Arusha, na wengi huuliza kwa nini wasiende huko moja kwa moja. Tanzania iliondoa tamko lake lililoruhusu mtu binafsi na mashirika kufungua mashauri mapya huko, na kuondoka huko kulianza kufanya kazi tarehe 22 Novemba 2020. Jengo liko karibu, mlango huo kwa raia umefungwa.

Hatua ya nne: soma hukumu kabla ya kuandika

Hukumu za Mahakama Kuu na Rufani zinapatikana bure mtandaoni kupitia TanzLII. Usome zilizoshinda na zilizoshindwa. Mimi humshauri mtu yeyote aanze na hizi.

Julius Ndyanabo dhidi ya Mwanasheria Mkuu, 2002. Sheria ya Uchaguzi ilimtaka anayepinga matokeo ya ubunge aweke dhamana ya shilingi 5,000,000 ndipo asikilizwe. Mahakama ya Rufani, chini ya Jaji Mkuu Barnabas Samatta, ilikifuta kifungu hicho kwa kuwa kilimzuia maskini kufika mahakamani. Humo mna kanuni utakazozihitaji kila siku: Katiba ni chombo hai, haki za msingi husomwa kwa upana na mipaka yake husomwa kwa ufinyu, sheria huchukuliwa kuwa halali mpaka anayeipinga athibitishe vinginevyo, na anayesimama nyuma ya kizuizi cha haki ndiye mwenye mzigo wa kukihalalisha.

Daudi Pete, kuhusu dhamana ya mshitakiwa, pamoja na Pumbun. Mashauri haya yanakupa kipimo cha Ibara ya 30(2), ibara inayoruhusu haki kuwekewa mipaka kwa maslahi ya umma. Sheria inayobana haki lazima ipite mitihani miwili. Kwanza isiwe ya kidhalimu, yaani iwe na kinga dhidi ya ofisa kuitumia vibaya na iache njia ya kupinga uamuzi. Pili ibane kwa kiasi kinachohitajika kufikia lengo halali, isizidi hapo. Sheria ikiwa pana kiasi cha kuwanasa hata wasiolengwa, imeanguka. Katika mfano wetu wa ndizi, lengo la usafi wa mji ni halali; je, kutaifisha bila kumsikiliza mtu ndiyo njia pekee? Kwa nini faini isitoshe? Maswali haya ndiyo moyo wa shauri zima. Yape kurasa.

Mbushuu, 1995, kuhusu adhabu ya kifo. Hapa utajifunza namna shauri linavyoweza kushinda nusu na kupotea. Mahakama ya Rufani ilikubali kwamba adhabu hiyo ni ya kikatili na inadhalilisha, kisha ikasema inaokolewa na Ibara ya 30(2). Ukiacha kujibu maslahi ya umma, Serikali itayajibu peke yake.

Halafu Dickson Sanga, 2020. Mahakama Kuu ilitamka mwezi Mei kwamba kifungu cha 148(5) cha Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai, kinachonyima dhamana kwa makosa fulani, ni batili. Mwezi Agosti mwaka huohuo Mahakama ya Rufani ikautengua uamuzi huo. Usisherehekee mapema.

Hatua ya tano: andika hati ya maombi

Kifungu cha 6 cha Sheria ya Utekelezaji, Sura ya 3, kinataja yanayotakiwa: jina na anwani ya mwombaji, jina na anwani ya kila anayelalamikiwa, sababu za kuomba nafuu, ibara mahsusi za Sehemu ya Tatu ya Katiba zinazotegemewa, maelezo ya mambo yaliyotokea, bila ushahidi wa kuyathibitisha, na aina ya nafuu inayoombwa. Kanuni za mwaka 2014, Tangazo la Serikali Na. 304, zinaeleza taratibu zilizobaki. Unaweza kuandika kwa Kiswahili. Tangu mabadiliko ya 2021 Kiswahili ndiyo lugha ya mahakama, na Katiba yenyewe iliandikwa kwa Kiswahili. Hata hivyo hukumu nyingi utakazozinukuu ziko kwa Kiingereza, na wakili wako anaweza kuwa na sababu zake za kuchagua.

Maelezo ya mambo na ushahidi ni vitu viwili. "Tarehe fulani maofisa walichukua mikungu ya mwombaji kwa kutumia kifungu fulani" ni jambo lililotokea. Picha, risiti na barua ni ushahidi. Mahali pake ni kwenye hati ya kiapo. Na hati ya kiapo nayo ina adabu yake: iwe na yale tu anayoyajua mwapaji, au aliyoambiwa na mtu anayemtaja na kumwamini. Hoja za kisheria, maoni na maombi yasiingizwe humo. Kila aya ithibitishwe mwishoni, hii naijua mwenyewe, ile nimeelezwa na wakili wangu. Kisha aape mbele ya kamishna wa viapo, tarehe na mahali viandikwe. Usidharau tarehe. Ukisema Ibara ya 107A(2)(e), inayozitaka mahakama zisifungwe kupita kiasi na ufundi wa kisheria, itakuokoa, jua kwamba mahakama zimekwisha sema mara nyingi kwamba ibara hiyo haifuti masharti ya lazima.

Taja kifungu cha sheria kwa namba, kisha ibara ya Katiba, kisha eleza kwa sentensi chache namna kimoja kinavyogongana na kingine. Kwa sheria zilizofanyiwa urekebu namba za vifungu zinaweza kuwa zimehama, linganisha matoleo. Usirundike ibara 15 kwa sababu zinapendeza. Ibara tatu zilizofanyiwa kazi zina nguvu kuliko kumi na tano zilizotajwa tu.

Nafuu ziwe za ngazi. Ya kwanza, tamko kwamba kifungu ni batili, kwa mujibu wa Ibara ya 64(5) inayobatilisha sheria iliyo kinyume na Katiba. Ya pili, kama Mahakama itaona ni bora kuipa Serikali nafasi ya kurekebisha sheria chini ya Ibara ya 30(5), basi muda huo uwe mfupi na utajwe. Ya tatu, nafuu ya mwombaji mwenyewe. Usiombe Sheria nzima ifutwe pale ambapo ubaya umo kwenye vifungu viwili. Kwa Akonaay, zilizoangushwa mwishoni ni baadhi ya sehemu za Sheria, na zilitosha.

Hatua ya sita: kufungua na kusubiri jopo

Mahakama Kuu ina masjala Arusha na Moshi, na mwananchi wa Kilimanjaro hana haja ya kusafiri mpaka Dar es Salaam. Nyaraka huingizwa kupitia mfumo wa kielektroniki wa Mahakama, ada hulipwa kwa namba ya malipo ya serikali. Kama huna wakili, nenda masjala asubuhi, ukaulize kwa adabu na kwa maswali yaliyoandikwa. Makarani wanasaidia sana anayejua anachotaka, ingawa hawaruhusiwi kukutungia hoja. Msaada wa kisheria upo: Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu kina ofisi Arusha, shirika la KWIECO linafanya kazi hiyo Moshi, na matawi ya Chama cha Mawakili wa Tanganyika yapo miji yote miwili. Sheria haikulazimishi kuwa na wakili. Mimi nakusihi uwe naye.

Mpelekee nakala Mwanasheria Mkuu wa Serikali na upate uthibitisho wa kupokelewa. Atakayekuja kumtetea ni Ofisi ya Wakili Mkuu wa Serikali, iliyoundwa mwaka 2018, na kazi hiyo wanaijua. Tarajia mapingamizi ya awali: kiapo kina kasoro, njia nyingine hazijaisha, mwombaji hajaguswa. Hatua hii husikilizwa na jaji mmoja. Ukivuka, shauri lenyewe linatakiwa kusikilizwa na majaji watatu. Mtikila mwaka 1994 alisikilizwa na jaji mmoja. Utaratibu wa watatu uliletwa na Sheria hii ya Utekelezaji, Na. 33 ya mwaka huohuo. Kuwapata majaji watatu kwa pamoja Moshi au Arusha huchukua muda, na kuahirishwa kutakuwepo. Tumia muda huo kuandaa mawasilisho.

Siku ya kusikilizwa, usianze na historia ya nchi. Anza na kifungu. Kisome chote kwa sauti, uonyeshe yanayompata mtu wa kawaida akikutana nacho, kisha ingia kwenye ibara. Jaji akikuuliza swali, acha ulichokuwa unasema umjibu. Swali lake ndilo linalomsumbua, na ukilikwepa litaibuka kwenye hukumu.

Hatua ya saba: Mahakama ya Rufani

Iwe umeshinda au umeshindwa, hesabu siku kuanzia tarehe ya uamuzi. Aliyeshindwa ana siku 30 kuwasilisha notisi ya kukata rufaa, kisha siku 14 kumpa nakala upande wa pili. Ndani ya siku 30 hizohizo andika barua kwa Msajili kuomba nakala za mwenendo (kumbukumbu za yaliyoendelea mahakamani), hukumu na amri, na nakala ya barua hiyo umpe mpinzani wako. Barua hii ndogo ina uzito mkubwa. Rufaa yenyewe inatakiwa kufunguliwa ndani ya siku 60 tangu notisi, na mwenendo mara nyingi hauko tayari kwa muda huo. Kama barua iliandikwa kwa wakati na kupelekwa kwa mpinzani, Msajili hutoa cheti cha ucheleweshaji na siku za kusubiri hazihesabiwi. Kama mpinzani hakupewa nakala, cheti hakikusaidii. Hati ya rufaa ikishaingia, una siku 60 za kuweka mawasilisho ya maandishi.

Serikali ikikata rufaa, notisi yake peke yake husimamisha utekelezaji wa hukumu uliyoipata. Mweleze mama wa ndizi jambo hili kabla, asije akarudi Mbuyuni na nakala ya hukumu akidhani mgambo hawamgusi.

Rufani hukaa kwa vikao, na hufika Arusha na Moshi pia. Kwa kawaida majaji ni watatu. Hoja yako ikipingana na uamuzi wa zamani wa Mahakama hiyohiyo, omba jopo kamili, lenye majaji zaidi, kwa barua, mapema, ukieleza uamuzi gani unataka uachwe na kwa nini. Jambo jipya lisilojadiliwa Mahakama Kuu halitapokelewa, isipokuwa machache kama suala la mamlaka ya mahakama. Sababu za rufaa ziwe chache, kila moja ikilenga mahali jaji wa chini alipokosea.

Na ujue mpaka wa Mahakama. Mwaka 2010, katika rufaa ya mgombea binafsi, jopo la majaji saba liliamua dhidi ya Mtikila kwa kusema kwamba kubadili Katiba ni kazi ya Bunge. Miaka 3 baadaye Mahakama ya Afrika, Arusha, ilisema Tanzania imekiuka haki zake. Kama kinachokuumiza kimeandikwa ndani ya Katiba kwa maneno ya wazi, fikiri upya kuhusu mahakama kuwa ndiyo njia yako.

Hatua ya nane: baada ya hukumu

Rebeca Gyumi alipinga vifungu vya 13 na 17 vya Sheria ya Ndoa ya 1971, vilivyoruhusu binti kuolewa akiwa na miaka 15, na kwa kibali cha mahakama 14. Mahakama Kuu ilimpa ushindi Julai 2016 na kuipa Serikali mwaka 1 kurekebisha. Serikali ikakata rufaa. Oktoba 2019 Rufani ikaitupa. Mwaka mwingine ukapita, Sheria haikurekebishwa.

Kwa hiyo isome vizuri Ibara ya 30(5). Mahakama ikiipa Serikali muda, sheria husika huhesabiwa kuwa halali mpaka marekebisho yafanywe au muda uliowekwa uishe, lolote litakalotangulia. Siku muda unapokwisha bila marekebisho, kifungu kimepoteza uhalali wake, hata kama bado kimechapwa kwenye kitabu. Siku hiyo haitangazwi na mtu. Iandike wewe. Pata nakala iliyothibitishwa ya hukumu na ya amri, uzipeleke halmashauri, kwa mkuu wa polisi wa wilaya na kwa hakimu wa mahakama zinazokitumia kifungu hicho, kila moja na barua fupi inayotaja tarehe muda ulipoisha, na ubaki na nakala zenye muhuri wa kupokelewa. Mtu wa kwanza atakayekamatwa kwa kifungu kile atakuja kuziomba.